Salio la Chumba Namba 9214

"Fundi, hii umeandika wewe?"

Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miwani puani, simu kaishika kwa mikono miwili. Fundi alikuwa kwenye kibaraza cha chumba chao, anapapasa ukuta wa meli kwa kiganja. Alikuwa amechomelea mageti, matangi na madaraja kwa miaka thelathini na tatu, na hajawahi kuona mshono wa chuma uliolala laini namna ile. Tangu wapande siku tatu zilizopita kazi yake ilikuwa hiyo tu, kupapasa kuta na kutikisa kichwa.

"Nini hicho, Mwalimu?"

"Njoo usome mwenyewe."

Akasogea. Ilikuwa tovuti ya kampuni ya meli, ukurasa wa akaunti ya chumba chao, namba 9214. Kwenye mstari wa salio, ambapo jana palikuwa na dola hamsini, leo zilisomeka mia mbili na hamsini. Chini yake kulikuwa na kisanduku kimechorwa ua, na ndani yake maneno haya:

"Zawadi kwako. Sijasahau siku uliyonisubiri kwenye mvua. Nilinyamaza miaka yote hiyo, lakini sijasahau. Zitumie zote, usibakize."

Jina la mtumaji halikuwepo.

"Ni wewe?" Mwalimu akauliza tena. Sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha darasa la watoto sitini kwa neno moja, leo ilikuwa inatetemeka.

Sasa jamani, kabla hatujamhukumu huyu baba, turudi nyuma wiki moja. Binti yao mkubwa ndiye aliyewanunulia tiketi, kwa kutimiza miaka thelathini ya ndoa. Alimpigia baba yake simu amwelekeze kutumia tovuti, maana mama anajua simu, baba anajua moto na chuma.

"Baba, umeshaingiza namba ya tiketi?"

"Nimeingiza. Imenikatalia mara mbili, ya tatu imekubali."

"Haya. Unaona palipoandikwa salio la melini?"

"Naona hamsini. Hizi nitazitoa wapi?"

"Huzitoi, baba. Wakala wa safari amewawekea zawadi kwenye akaunti ya chumba. Ni za kutumia humo humo melini, kama kupiga picha, matembezi, vinywaji vya kulipia. Usiku wa mwisho zikibaki, zimekwenda na maji."

"Kumbe ni kama chakula cha harusini. Unakula hapo hapo, hufungi kwenye mfuko."

"Hapo umeelewa. Na mtu mwingine akitaka kuwaongezea, anaingia ukurasa wa zawadi, anaandika namba ya chumba na ujumbe wake, basi."

Kisha binti akashusha sauti.

"Baba, kuna jambo sikutakiwa kukwambia. Mama amekubali safari hii kama ya kuagana. Mkirudi anahamia kwa mama mdogo. Vitabu vyake ameshavipanga kwenye maboksi."

"Nimemkosea nini?"

"Anasema miaka thelathini ameishi na mtu asiyesema. Hajui hata kama unamwona."

"Amesema mimi ni mtu mbaya?"

"Amesema wewe ni mtu mzuri sana, baba. Hapo ndipo alipoanza kulia."

Basi na wewe jiweke mahali pake. Mke anakuaga taratibu, wewe huna ulimi, halafu ulimi unaletewa na tovuti, umefungwa na ua juu. Fundi akarudisha macho kwenye simu.

"Nani mwingine angeandika, Mwalimu?"

Hakusema ndiyo. Lakini mwenzake alisikia ndiyo, akavua miwani, machozi yakamtiririka.

"Nilidhani hukuiona siku ile," akasema. "Miaka ishirini na nane nimeibeba peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili."

Akamkumbatia. Fundi alisimama wima, mikono haijui pa kwenda, huku kichwani anapekua. Mvua gani? Wapi? Alipekua kila pembe na hakukuta hata tone. Hilo ndilo lililomtisha.

Mwalimu alipoingia kuoga, akamwandikia binti yake.

"Umetuongezea salio?"

Jibu likaja papo hapo.

"Hapana baba. Kwani mmepewa na nani? Mnaanza kunificha mambo enh?"

Akavaa viatu, akaenda mapokezi.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa wa ghorofa tatu, na ngazi zake zilikuwa za kioo zenye taa ndani. Kila akipita hapo Fundi hupunguza mwendo. Hakuelewa watu wanawezaje kuchukua chuma na kioo na vyumba elfu mbili, wakaviweka juu ya maji, na maji yakakubali. Mbele yake kwenye foleni kulikuwa na mzee amevaa koti lililopigwa pasi vizuri, miwani moja machoni na nyingine kichwani.

"Binti yangu," mzee alikuwa anamwambia msichana wa mapokezi, "mimi nimelipa dola mia mbili kumwekea mke wangu salio. Nikamwambia, fungua simu, kuna kitu nimekuandikia. Amefungua, hakuna kitu. Sasa ananiangalia kwa jicho moja tu."

"Chumba namba ngapi, mzee?"

"9241."

"Hapa sioni zawadi yoyote. Labda uliandika namba nyingine?"

"Nimeandika hiyo hiyo. Miwani sikuwa nayo, lakini namba naijua." Akaguna. "Pesa si kitu. Yale maneno ndiyo nayataka yamfikie. Nimekaa nayo toka nikiwa dereva wa treni. Kuyatamka siwezi, na kuyaandika mara ya pili sijui kama nitaweza."

Msichana akamwomba asubiri hadi kesho wafuatilie. Mzee akageuka, akakutana macho na Fundi.

"Shikamoo, mzee," Fundi akasema.

"Marahaba, kijana wangu. Usije ukaoa mwanamke mwenye subira. Deni lake halilipiki."

Kijana mwenyewe ana miaka hamsini na minane. Kinywa kilitaka kusema, mzee simama, maneno yako yako chumbani kwangu. Lakini miguu ikamgeuza, ikampeleka hadi kwenye lifti. Ndiyo, alikimbia, tena mbio za mtu mzima, zile za kutembea haraka.

Jioni walikaa meza ya dirishani. Nje bahari ilikuwa imefika mpaka mwisho wa macho, na jua linaiingia polepole. Mwalimu alikuwa amevaa gauni lake la bluu na hereni ambazo Fundi hakuwa ameziona kwa miaka. Alikuwa anacheka. Mara mbili alimgusa mkono bila sababu. Ukiniuliza mimi, hakuna adhabu mbaya kama kupendwa kwa jambo ambalo hukulifanya.

"Nimezitumia zile pesa," Mwalimu akasema. "Siyo zote. Mia na hamsini."

"Umenunua nini?"

"Fungua simu yako, uone kwenye ratiba."

Akafungua. Kesho, saa nne asubuhi: ziara ya kuingia tumboni mwa meli, chumba cha injini na karakana, wageni wawili.

"Siku tatu nakutazama," Mwalimu akasema. "Watu wanatazama bahari, wewe unatazama mishono. Unaipapasa ukidhani sikuoni. Nikasema, huyu mtu lazima akaone mambo haya yanatokea wapi."

Fundi akaweka kijiko chini. Angeweza kunyamaza, kunyamaza ndiko alikokuwa akikujua kuliko kitu chochote. Lakini mwanamke huyu alikuwa amepewa zawadi ya kwake, akaigeuza papo hapo ikawa ya mumewe. Akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyeishi na hazina chini ya kitanda. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu, yale maneno si yangu."

"Unasemaje?"

"Sikuyaandika mimi. Kuna mzee yuko chumba 9241, alikuwa anamwandikia mkewe. Amegeuza tarakimu mbili za mwisho, zikaja kwetu. Nimemsikia leo mapokezi akilalamika. Nikaondoka."

Kicheko kikafutika taratibu usoni mwa Mwalimu.

"Nilipokuuliza, ulisema nani mwingine."

"Niliogopa. Mtoto ameniambia kuhusu mama mdogo. Na maboksi."

Mwalimu akakunja kitambaa cha mezani, mara moja, mara mbili. Alipouliza, aliuliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Na siku ya mvua, Fundi? Ile unaikumbuka?"

Hapo ndipo penyewe. Uongo mmoja mdogo tu ungetosha, wala hakuna ambaye angejua.

"Hapana," akasema. "Siikumbuki."

Mwalimu akasimama. Hakufoka, na heri angefoka.

"9241, si ndiyo?"

"Ndiyo."

Akaondoka na gauni lake la bluu. Fundi alibaki na meza, na bahari, na saa nne asubuhi kwenye simu.

Mwalimu aliporudi chumbani alimkuta amekaa. Akalala ameelekea ukutani. Asubuhi Fundi alipoamka, upande wa mkewe ulikuwa umetandikwa, mwenyewe hayupo, na sanduku lake liko mlangoni, limefungwa zipu.

Akaenda mapokezi.

"Naomba kurudisha salio la mtu," akasema.

"9214?" msichana akaangalia kompyuta. "Mkeo alishakuja jana jioni. Tumelihamishia chumba cha yule mzee, pamoja na ujumbe."

"Lote? Na zile mia na hamsini za ziara?"

"Lote. Ziara haijalipiwa sasa. Hamsini zenu za wakala hazitoshi, inabaki mia. Kama hailipwi, tunaifuta saa tatu."

Huyu bwana tangu apande meli alikuwa anakunywa chai ya bure na maji ya bure, na limau lililowekwa bure. Akatoa kadi yake.

"Kata."

"Ya watu wawili, au mmoja?"

"Wawili."

Kisha akakaa kwenye kiti kilicho chini ya zile ngazi za kioo, akafungua tovuti. Ukurasa wa zawadi. Kima cha chini, dola ishirini na tano. Akaweka ishirini na tano. Namba ya chumba, akaandika 9214, akaisoma kwa sauti mara nne mpaka mama mmoja aliyeketi jirani akamwambia, "Ni sahihi, baba, hata mimi nimeshaikariri." Kisanduku cha ujumbe kikabaki kitupu, mstari mdogo unapepesa, unamsubiri. Akaandika, akafuta. Akaandika tena. Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa na mistari mitatu. Akabonyeza kutuma kwa kidole cha shahada, kwa nguvu, utadhani anapiga kengele.

Saa nne kasoro alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chuma huko chini kabisa, pamoja na wageni wengine sita. Injinia wa meli alikuwa anagawa kofia ngumu na vizibo vya masikio.

"Wewe uko peke yako, bwana?"

"Tuko wawili," Fundi akasema, macho kwenye ngazi.

"Nitafunga mlango baada ya dakika tatu."

Zikapita mbili. Ndipo akaona viatu, halafu gauni, halafu mkewe mzima mzima akishuka, simu mkononi. Alikuja hadi mbele yake, akaisoma kwa sauti, taratibu, kama anasoma insha ya mwanafunzi:

"'Mwalimu, siikumbuki ile mvua. Nimeitafuta tangu jana, sijaipata. Nisimulie, nami nitaibeba pamoja nawe. Ni mimi, Fundi.'"

Fundi akatazama chini.

"Jana nilikaa na yule bibi wa 9241," Mwalimu akasema. "Nikamsomea maneno ya mumewe mara tatu. Alimsubiri kituo cha treni, mvua inanyesha, tumbo la miezi minane. Wote wawili wanakumbuka. Niliona wivu, sikufichi."

"Nisamehe."

"Ungenyamaza tu, ningekaa na wewe mpaka nizeeke. Kwa nini ulisema?"

"Siku tatu tu umenitazama, ukajua ninachokitaka. Mimi nimekutazama miaka thelathini, hata mvua yako siijui. Ningekudanganya tena juu ya hilo?"

Mwalimu akashusha pumzi. Akabonyeza bonyeza simu, kisha akamgeuzia aone. Ulikuwa ujumbe kwa binti yao.

"Mwambie mama mdogo kile chumba apangishe tu."

"Na sanduku?" Fundi akauliza. "Nimeliona mlangoni."

"Nilikuwa nahama kweli, nimeshaomba chumba kingine. Nimefika kwenye lifti, simu ikalia." Akachukua kofia ngumu, akaivaa juu ya kilemba chake. "Limebaki palepale kwenye lifti. Tukirudi utalibeba wewe."

Mlango ukafunguliwa.

Fundi aliingia, akasahau kupumua. Injini zilikuwa ndefu kuliko nyumba yao, nne, zimelala bega kwa bega, zinanguruma mpaka mifupa inasikia. Mabomba yalipanda na kujikunja hadi juu ambako macho hayafiki. Na mishono, maelfu, kila mmoja umepigwa na mtu fulani, mtu aliyeinama siku nzima na moto mkononi, ambaye jina lake halijaandikwa popote. Na nyuma ya ukuta huo, bahari yote inasukuma na haiingii. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

"Mwalimu," akasema, "umeona?"

Hakusikika. Mkewe akamvuta, akamchomoa kizibo cha sikio moja, akaweka mdomo karibu kabisa.

"Ilikuwa Jumatano," akaanza. "Ulikuwa na kazi ya tangi, geti la karakana limefungwa. Nilikuwa na mwavuli, lakini upande mmoja umevunjika."

"Nilitoka saa ngapi?"

"Subiri, usinikimbize. Kwanza mvua."

Fundi akainamisha kichwa asogeze sikio, akasikiliza.