Lori la Mchanga Nkoma

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma ya duka la spea, Bariadi.

"Mnunuzi wa pamba ameshafungia pesa za msimu mzima za Nkoma ndani ya mkataba," Kija alisema. Aliujua. Ndiye aliyeuandika, kabla mnunuzi huyo hajamfukuza kazi. "Uko kwenye blokcheni, daftari la mtandaoni lisilofutika. Kompyuta nyingi zinautunza kwa pamoja, hakuna bosi wa kusaini. Lori likipanda mizani, uzito ukisomwa, pesa inakwenda kwa muuzaji. Yenyewe."

"Wakishtuka?" aliuliza Sayi, dereva.

"Wamechelewa. Hata mimi siwezi kuirudisha."

Ndalahwa, mkuu wao, akacheka. Lori lilishajazwa mchanga, mzito wa kutosha kuzimaliza pesa zote, juu magunia ya pamba. Muuzaji aliyesajiliwa ni yeye.

"Na mgao wetu?" Kija aliuliza.

"Tutaongea nikishapokea."

Wote watatu wakapanda lori.

Saa nne. Kituo cha kununulia pamba, Nkoma.

Mikokoteni ya ng'ombe ilijaa hadi barabarani. Sayi aliipita, akapandisha lori kwenye mizani. Ndipo akamwona mama yake, Minza, ameketi juu ya pamba yake.

"Mayu! Si uliuza juzi?"

"Mtandao ulikatika. Leo ndiyo zamu yetu."

Sayi akamgeukia Kija. "Tukizichukua hizi, hawa watalipwa na nini?"

"Hakitabaki kitu," Kija alisema.

Sayi akatia gia ya nyuma. Mdomo wa bastola ukamgusa ubavuni.

"Tulia," Ndalahwa alisema.

Simu yake ikalia. Pesa imeingia.

Sayi akaruka chini na panga, akachana turubai. Mchanga ukamwagika.

"Tumewaibia! Mfuko wenu umekwisha!"

Risasi ya Ndalahwa ikamvunja bega. Mlinzi wa ghala akajibu mapigo, Ndalahwa akadondoka kando ya tairi. Kija akamrukia, akamshika kola, akamtikisa.

"Maneno ya siri ya kufungulia akaunti! Bila hayo pesa haitoki! Niambie!"

Midomo ya Ndalahwa ikacheza. Ikatoka damu, basi.

Polisi walipofika, Minza alikuwa anafunga bega la mwanaye kwa kanga. Karani wa kituo akamwonyesha akaunti ya Ndalahwa kwenye simu. Pesa za kijiji kizima zilionekana pale.

"Si hizo? Zirudisheni."

"Tunaziona tu, mama. Aliyejua kuzifungua amekufa."

Minza akakaza fundo. Akainuka, akaenda kuwageuza ng'ombe wake, pamba ikiwa bado juu ya mkokoteni.

"Mayu," Sayi aliita. Pingu zilishamkaza.

Hakugeuka.