Mzoga wa Branoki

Mvuke ulimpiga Muatasim kabla hajapata kurudisha mkono. Alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, injini ingali ikichemka, na maji ya moto yakaruka yakamwunguza mkono wa kulia mpaka kiwikoni, na shingo, na kifua pale kanzu yake ya dishdasha ilipokuwa wazi. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye changarawe, kofia ikamdondoka, akawa anapumua kwa mdomo kama mtu aliyepanda ngazi ndefu.

Nalule alikuwa wa kwanza kumfikia. Msichana huyu wa Uganda alikuwa mwaka wa tatu akifanya kazi nyumbani kwao Bawshar, Maskati, na safari hii aliletwa kwa sababu magoti ya Mahfoudha, mke wa Muatasim, hayakutaka tena kushuka garini peke yao. Alishika dumu la maji ya kunywa na kuanza kulifungua.

"Leta mkono, Baba. Nimwagie."

"Usimwage," Muatasim alisema. "Hayo ya gari."

"Baba, ngozi inatoka!"

"Ya gari, nimekwambia. Bila gari hatuna kitu hapa."

Mahfoudha alikuwa amefika, ameshikilia mlango. Aliitazama ile nchi iliyowazunguka. Walikuwa wameiacha lami ya kutoka Sinaw kwenda Mahout tangu asubuhi, na sasa kila upande palikuwa tambarare ya changarawe, nyeupe, bila jiti wala alama, na joto likicheza juu yake. Simu zote zilikuwa hazina mtandao.

"Mtie maji mkononi, mwanangu," alimwambia Nalule kwa sauti ya chini. "Kidogo tu. Mie nnakuruhusu."

Nalule alimimina kiasi cha kikombe. Yaliyobaki, Muatasim aliyachukua kwa mkono wake mzima, akasubiri injini ipoe, akayatia yote kwenye rejeta. Ilibaki chupa moja ndogo kwenye mkoba wa Mahfoudha, na thamosi ya kahawa.

Mtu mwingine asingefanya hivyo. Lakini Muatasim alikuwa mwenye gari la Branoki, na wenye Branoki walikuwa na desturi zao. Kampuni hiyo ya Kimarekani ilianza kwa kutengeneza plau za kukokotwa na farasi katika mji mdogo kando ya ziwa. Vita vilipokuja ikaunda malori, na vita vilipokwisha ikaunda magari ya familia, mapana, yenye boneti kama kitanda cha watu wawili. Kisha wajukuu wa mwanzilishi wakaiuza, na aliyeinunua akafunga milango. Maskati yalibaki magari machache tu. Wenyewe walikutana Ijumaa asubuhi ufukweni Hail, wakafungua boneti, wakanywa kahawa na kutaniana. La Ghassan lilikuwa limebeba maharusi wa mtaa mzima. La Aflah halijapata kupanda mlima wa Fanja bila kuchemka. La Muatasim ndilo alilomchukulia Mahfoudha kwenda kujifungua mtoto wao, Bashayer, na hawakuwahi kufika. Bashayer alizaliwa kwenye kiti cha nyuma.

Vipuri havikuwapo tena. Ukienda Hamriya wenye maduka walikucheka: "Baba, hiyo kampuni imekufa kabla mimi sijazaliwa." Kilichowasaidia ni mzoga. Branoki moja la zamani lilitupwa na wapima ardhi huko jangwani, na wazee hawa waliligundua. Walikuwa wakilinyofoa kidogo kidogo, kila mmoja kwa haja yake, na waliapa kutomwambia mtu yeyote lilipo, hata mke, hata mtoto, wasije wauza vyuma wakalibeba. Waliona pia kuwa ni aibu kuuendea mzoga huo kwa gari la kampuni nyingine. Kwa hiyo pampu ya maji ya Muatasim ilipoanza kuvuja, alikataa gari la Kijapani la Bashayer, akaliendesha gari lake gonjwa kwenda kulitafutia dawa. Bashayer aliambiwa wanakwenda kutembea, basi.

Gari liliwaka. Lilikwenda mwendo wa kuridhisha, Muatasim akiendesha kwa mkono mmoja na jasho likimtoka, mpaka Mahfoudha alipoanza kuamini. Halafu sindano ya joto ikapanda tena, ukasikika mgongano wa chuma kwa chuma, na injini ikanoki. Haikuwaka tena.

"Mzoga ule pale," Muatasim alisema.

Mbele yao, kwa mbali, kulikuwa na kitu cheusi. Walikiendea kwa miguu. Mahfoudha alimwegemea Nalule, na Nalule alimwegemea Mahfoudha, maana viatu vyake vilikuwa ndala za nyumbani na changarawe ilikuwa ya moto kama kikaango. Muatasim alifika wa kwanza. Walimwona akifungua boneti, akiinama. Kisha walimwona amesimama tu.

Pampu haikuwapo. Mahali pake palikuwa safi, boliti zimefunguliwa kwa uangalifu, na alama za spana zilikuwa bado zinang'aa.

"Nani kaichukua?" Mahfoudha aliuliza.

"Mmoja wetu. Hapajui mtu mwingine."

"Na hakusema?"

Muatasim aliifunga boneti, akakaa kwenye kivuli cha mzoga, akafunga macho.

Nalule alikuwa amesimama juani, mikono kiunoni. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka. "Kwa hiyo hakuna anayejua tuko wapi," alisema. "Bashayer hajui. Polisi hawajui. Mimi mama yangu kule Masaka anajua niko Maskati, basi. Nilikuja kufanya kazi, Baba. Sikuja kufia gari."

"Nalule," Mahfoudha alisema.

"Hapana, Mama. Acha niseme leo. Nikifa hapa watasema nimetoroka."

Alisema kweli. Baada ya kitambo alikuja kivulini, akavua mtandio wake, akaanza kumpepea Muatasim kwenye ule mkono uliotokwa ngozi ili nzi wasitue. Alipepea mchana kutwa, akibadilisha mikono, bila kumtazama usoni.

Waligawana chupa ndogo kwa kifuniko chake. Nalule alipotaja maji yaliyobaki kwenye rejeta ya gari lao, Muatasim alitikisa kichwa. "Yana dawa na kutu. Ukiyanywa utakufa kabla yetu." Kahawa waliionja wakaiacha, ilizidisha kiu. Kila Muatasim alipopewa kifuniko alikipeleka mdomoni na kukirudisha, na Mahfoudha aliona kuwa hakuna kinachopungua ndani yake.

"Kunywa, Baba Bashayer."

"Nshakunywa."

"Nnakujua. Tangu lini umejua kusema uongo?"

Alitabasamu kidogo. "Tangu nilipokwambia gari hili halitatusumbua."

Jua lilipolala, homa ilimpanda. Waliingia ndani ya mzoga, ambao viti vyake vilikuwa springi tupu, wakatandika leso ya Mahfoudha. Muatasim alizungumza na watu wasiokuwapo. Mahfoudha alisoma alizozijua, sura fupi fupi, akizirudia. Nalule, aliyekuwa Mkristo, aliomba kwa lugha ya kwao. Chupa iliisha kabla ya alfajiri.

Kulipoanza kupambazuka Nalule alifunga vitambaa miguuni juu ya ndala. Muatasim alikuwa na akili zake saa hiyo.

"Barabara iko mashariki," alimwambia kwa taabu. "Jua likitoka, liweke usoni. Likipanda, usingoje, tembea kivuli chako kikiwa nyuma. Ukiiona lami, kaa. Malori ya samaki hupita kutoka Mahout."

"Na nyinyi?"

"Sisi tupo."

Mahfoudha alimshika shavu. "Nenda, mwanangu. Ukitushinda kuturudia, usijilaumu."

Aliondoka. Walimwona akiwa mdogo, akiwa mdogo zaidi, halafu hawakumwona, na si kwa sababu ya umbali. Ukungu ulikuwa umeingia. Hutoka bahari ya kusini na kutambaa juu ya tambarare ile asubuhi nyingine, mzito kama moshi wa kuni mbichi. Muda mfupi tu baadaye jua halikuonekana liko wapi, wala ardhi ilipoishia.

"Atapotea," Mahfoudha alisema.

Muatasim alijaribu kunyanyuka, akashindwa. "Piga chuma," alisema. "Piga boneti, asikie."

Mahfoudha alitambaa nje. Magoti yake yaligoma, akayaburuta. Alichukua spana ya magurudumu iliyokuwa chini ya kiti, akaanza kuipiga ile boneti pana. Mlio ulikuwa mkubwa, kama sinia lililodondoka msikitini. Alipiga, akapumzika, akapiga. Kila alipopumzika alisikiliza, na hakusikia kitu. Alifikiri juu ya mama mmoja huko Masaka ambaye hajapata kumwona, ambaye naye ana mtoto mmoja jangwani na hajui. Akapiga tena mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka.

Aliegemeza kiganja kwenye boneti ili asianguke, na kiganja kikateleza.

Alikitazama. Kilikuwa kimelowa.

Aliweka ulimi. Kisha alilala kifudifudi juu ya chuma kile, akakilamba kama paka, na machozi ambayo hakujua kuwa bado anayo yakamtoka. Boneti yote ilikuwa imejaa umande. Paa pia, na milango, na mabawa ya magurudumu. Ukungu uligusa chuma baridi na kuwa maji, na chuma kilikuwa kingi, maana Wamarekani wale hawakuwa mabahili wa bati.

"Nalule!" alipiga kelele, sauti ikiwa nusu. "Nalule, rudi! Maji!"

Alipiga spana na kuita, akapiga na kuita. Na baada ya muda ambao ulikuwa kama umri mzima, msichana alitokea ndani ya weupe, akilia, mguu mmoja bila ndala, unavuja damu.

"Nilikuwa nazunguka, Mama. Nimeziona nyayo zangu mwenyewe mbele yangu."

"Shika leso. Futa paa. Haraka, jua halijatoka."

Walifuta na kukamua ndani ya chupa, wakafuta na kukamua. Yalikuwa maji machafu, yenye ladha ya kutu na vumbi. Nalule alikuwa wa kwanza kuijaza chupa, na hakuinywa. Aliingia nayo ndani ya mzoga, akainua kichwa cha Muatasim, akakiweka juu ya paja lake.

"Baba, kunywa. Na leo nitakuangalia koo."

Alikunywa. Koo lilipanda na kushuka. Alitazama juu, kwenye paa lililojaa tundu za kutu, na matone yaliyokuwa yakining'inia pale.

"Kumbe hili nalo lilikuwa na maji," alisema.

Alikunywa mara ya pili, kidogo zaidi, na mara ya tatu maji yalitoka pembeni ya mdomo. Nalule aliyafuta kwa ncha ya leso. Mahfoudha alishika mkono ule usioungua. Ukungu ulipoanza kunyanyuka na mwanga wa njano ukaingia, mkono ulikuwa umeshalegea, na alijua, lakini aliendelea kuushika. Nalule aliangalia usoni pake kwa mara ya kwanza tangu jana. Alimfumba macho, akamfunga kidevu kwa mtandio kama Mahfoudha alivyomwonyesha.

Jua lilikuwa kali tena waliposikia injini.

Lilikuwa gari la Kijapani. Ghassan ndiye aliyeendesha, na Bashayer alishuka kabla halijasimama, akakimbia, akaanguka, akainuka. Aliona miguu ya baba yake ikitokeza mlangoni. Mahfoudha alimpokea kifuani.

Ghassan alisimama mbali, amevua kofia. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda mizaha, na siku hiyo uso ulikuwa umemwanguka wote.

"Polisi wanawatafuta njia ya Sur," alisema. "Bashayer alinipigia jana mchana. Nilimwambia sijui. Sote tulimwambia hatujui." Alitazama boneti ya mzoga. "Kwa kile kiapo. Na kwa kuwa pampu, Bi Mahfoudha... pampu niliichukua mimi. Niliona haya mpaka usiku, ndipo nikamwambia napajua."

Bashayer aligeuka kumtazama. Mahfoudha alimtangulia.

"Baadaye, Ghassan. Sasa nyanyua mabega yake. Taratibu upande wa kulia, ana kidonda."

Walimlaza nyuma, wakamfunika shuka. Bashayer alimpa mama yake chupa ya maji baridi, na mama yake akaipokea akampa Nalule. Nalule alikunywa nusu, akamrudishia. Walikwenda hivyo mpaka lami, chupa ikihama mkono huu kwenda ule.

Karibu na Sinaw simu zilianza kulia zote kwa pamoja. Mahfoudha alinyoosha mkono.

"Nalule. Mpigie mama yako."

"Nitampigia nyumbani, Mama, nikishaoga. Sauti yangu mbaya."

"Mpigie sasa. Halafu nipe mie."

Miaka mitatu, yeye na mama huyo hawakuwahi kuzungumza. Mwanamke wa upande wa pili, Nakanwagi, hakujua Kiswahili cha kutosha, akawa anasema "halo, halo" kwa wasiwasi, na nyuma yake kuku wakilia. Mahfoudha aliishika simu kwa mikono yote miwili.

"Dada, nnaitwa Mahfoudha. Mwanao anakaa kwangu. Yu hai, yu pamoja na mie, mguu wake umeumia lakini utapona. Nnakupigia nikwambie yuko wapi." Alimtazama Nalule, na Nalule akamfasiria mama yake, akikatizwa na kilio. "Tuko Sinaw. Tumetoka njia ya Mahout. Sasa tunaelekea Maskati, na nyumba yangu iko Bawshar, nyuma ya msikiti wenye kuba la kijani."

Nakanwagi akauliza jambo.

"Anasema nini?"

"Anasema rudia jina, polepole," alisema Nalule. "Anataka kulishika."

"Si-naw," alisema Mahfoudha. Mkono wake mmoja ulikuwa umerudi nyuma, juu ya shuka iliyomfunika Muatasim. "Mwambie Sinaw, mwanangu. Kusini ya Maskati. Mwambie ukija huku kutoka Maskati, milima inabaki nyuma yako."