Salama Mpaka Mlipokuja

Moto uliruka barabara saa tano asubuhi, nyuma yao, bila haraka, kama mtu anayeruka mfereji mikono ikiwa mfukoni. Teodori aliona wekundu kwenye kioo cha pikipiki akadhani ni vumbi lake mwenyewe. Bertilla, aliyekaa nyuma na dumu la maji la lita tano mapajani, aligeuka akatazama, akampiga begani.

"Njia ya kurudi imekwisha," alisema.

Teodori akaongeza mwendo. Ndivyo alivyo: ukimwambia nyuma kumefungwa, hukimbilia mbele bila kuuliza mbele kuna nini.

Walikuwa wametoka Sumbawanga alfajiri, wakaziacha nyumba za mwisho za Kasense jua likichomoza, na sasa walikuwa ukingoni, pale uwanda wa Ufipa unapokatika ghafla na kuporomoka kuelekea Bonde la Rukwa. Chini yao, kwenye bega la mlima, ndiko walikoishi rafiki yao Modesti, mkewe Marsiana na mtoto wao wa miaka miwili. Chini zaidi, mwendo wa saa mbili kwa miguu, ilikuwa Milepa. Na katikati ya hayo yote ziliwaka nyasi za Septemba, ndefu kuliko mtu, kavu kama karatasi, zilizowashwa na mtu aliyetaka panya wa kitoweo. Siku ya tatu sasa mlima mzima ulikuwa unaungua ili mtu mmoja ale ugali na panya watano.

Lakini kilichowatoa mjini ni upumbavu wa watu arobaini. Hao ni wenzao waliomaliza nao kidato cha nne, ambao siku hizi wanaishi ndani ya kundi la WhatsApp kama kuku ndani ya tenga: kelele nyingi na hakuna aendaye popote. Picha za moto zilipofika kundini, wote walitoa pole. Wakatuma viganja vilivyokutanishwa, mishumaa, nyuso zenye machozi. Leonidas, anayeishi Dodoma na kujiita mwenyekiti ingawa hakuna aliyemchagua, aliandika kwa herufi kubwa kwamba kila aliye karibu na moto ajiorodheshe. Modesti hakujiorodhesha. Siku ya pili ujumbe aliotumiwa ukaonyesha tiki mbili. Leonidas akatangaza kwamba simu ya Modesti imepokea, kwa hiyo Modesti ni mzima, tumshukuru Mungu. Wakaandika amina arobaini, wakarudi kwenye mpira.

Watu hao wamezaliwa wapi? Nusu yao wamekulia vijiji visivyo na umeme. Wanajua kabisa kwamba mtu wa mlimani huteremka na simu yake siku ya mnada, akaiacha kwenye kibanda cha kuchaji, akaifuata mnada unaokuja. Simu ya Modesti ilikuwa Milepa, juu ya rafu, imewashwa na mwenye kibanda aliyetaka kuona kama imejaa. Kilichokuwa salama ni simu. Wote waliyajua hayo, na wote waliyasahau, kwa sababu kuyakumbuka kungewalazimu kuinuka kwenye kiti.

Bertilla peke yake ndiye aliyekumbuka. Akakifunga kibanda chake cha ushonaji pale Malangali, akaenda kijiweni kwa Teodori na kumweleza. Teodori alikubali kabla hajamaliza kusikia. Alimpenda Modesti, hilo ni kweli, lakini zaidi alitaka kuwaonyesha wale. Kabla ya kuondoka alijirekodi video mbele ya pikipiki, amevaa jaketi jipya la nailoni linalong'aa, akasema wanaume huenda, wengine huandika amina. Bertilla, ambaye si mwanaume na ndiye aliyebeba maji, alimshauri avae shati la pamba. Teodori akajibu kwamba jaketi lile limetoka Tunduma. Kana kwamba moto unaiheshimu Tunduma.

Sasa njia iliingia kwenye mteremko wa mawe na moshi ukawashukia mzito, mchungu, wenye harufu ya manyoya. Tairi la mbele likagonga jiwe. Pikipiki ikalala, dumu likaruka, na mfuniko ukang'oka. Bertilla alilikimbilia dumu kwa magoti. Alipolisimamisha, yalikuwa yamebaki maji ya chini ya robo. Teodori alikimbilia pikipiki. Aliivuta, akaisukuma, akaitukana, haikuwaka. Nyasi za kando zikashika, ndimi zikaanza kulamba tairi, na bado alikuwa amening'inia kwenye usukani, nyusi zake zikijikunja kwa joto.

"Iache," Bertilla alisema.

"Bado ina mafuta."

"Ndiyo sababu iache."

Wakaiacha. Haikulipuka kama kwenye sinema. Ilitoa mlio mmoja wa aibu, kama mtu aliyeshiba, halafu ikawaka kimya.

Kushoto kwao palikuwa na eneo lililoungua jana, jeusi tupu, vijiti vikitoa moshi mwembamba. Bertilla alilionyesha kwa kidole: moto hauli mara mbili sahani ileile. Teodori aliangalia soli za raba zake, akaangalia makaa mekundu chini ya jivu, akakataa. Alisema watapanda juu, warudi ukingoni, kule kuna hewa. Mtoto yeyote wa Ufipa anajua kwamba moto hushuka mlima kwa kusuasua na kuupanda mbio kuliko mbuzi. Teodori alikuwa ameyajua hayo mpaka alipoondoka kijijini, halafu akaona hayana kazi mjini.

Bertilla hakubishana. Alijifunika kitenge usoni, akakumbatia dumu, akaingia kwenye weusi. Teodori akapanda.

Alipanda hatua sitini, labda sabini. Upepo uligeuka nyuma yake na moto ukapumua. Nyasi zilianza kulia kama mvua ya mawe juu ya bati. Alikimbia, na kila alipogeuka ukuta ulikuwa umekaribia kuliko akili ilivyokubali. Mguu wa kulia ukaingia shimo la muhanga. Akasikia kifundo kikigeuka, akaanguka kifudifudi. Akajaribu kuinuka, akaanguka tena. Mwanaume wa kwenye video alifungua mdomo kumwita mama yake, akameza moshi.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na mtu aliyekuwa anawatazama tangu pikipiki ianguke. Hakuwa ameamini macho yake. Kwa siku mbili hakuona kiumbe chochote kikija kuelekea kwenye moto, hata mbwa. Alipoona aliyevaa nguo inayong'aa anapanda badala ya kushuka, Modesti alitukana kwa Kifipa, akatumbukiza blanketi kwenye ndoo, akajifunika, akavuka korongo.

Alipita pale ukuta wa moto ulipokuwa mwembamba. Alimkuta Teodori anajiviringisha, jaketi limeshika mgongoni, nailoni inadondoka matone yanayowaka. Hapakuwa na zipu ya kufungua, ilikuwa imeyeyuka. Modesti alilishika jaketi kwa mikono yote miwili, akalipasua, akalivua kama anavyochunwa sungura. Nailoni ikatoka mgongoni kwa Teodori kabla haijafika ngozini, ikabaki viganjani mwa Modesti. Hakupiga kelele. Alimtupia Teodori blanketi, akamtia bega kwapani, akamkokota kuteremka kupitia palepale alipopitia, kisha kuvuka korongo, na kumwangusha shambani kwake.

Bertilla alishafika kwa kupitia kwenye weusi. Marsiana alikuwa amelala chali kati ya matuta mawili, mtoto yuko kifuani amefunikwa shuka lililoloana, mbuzi wanne wamefungwa miguu kando yake.

"Lala chini," Modesti alisema. "Uso kwenye udongo. Fukua uvute hewa ya chini."

Moto ukaja. Ulifika mpaka kwenye ukingo wa shamba na kusimama, ukatupa cheche, ukazunguka kushoto, ukazunguka kulia, ukiguna. Haukuingia. Haukuwa na cha kula. Nyasi zote za shamba lile Modesti alizikata kwa jembe mwezi wa pili zikiwa mbichi, akazirundika na kuzifunika udongo, rundo kwa rundo, kila rundo duara pana lenye kimo cha goti. Wafipa huyaita ntumba, na wamelima hivyo tangu enzi ambazo hakuna anayeweza kuzihesabu. Maharage yalikuwa yameshavunwa juu yake. Zilikuwa zinasubiri kutawanywa mvua za kwanza zipandwe ulezi, na mpaka Septemba zilikuwa mamia ya vilima vitupu, chakula cha moto kimezikwa kinaoza ndani.

Teodori alikuwa na jina la mwenye mashamba kama hayo. Shuleni alikuwa akimwita Modesti mchimba makaburi, kwa sababu kila likizo alirudi na sugu za jembe, na kwa sababu ntumba kwa mbali hufanana na makaburi. Darasa zima lilicheka. Sasa alikuwa amechomeka pua kwenye kaburi mojawapo, akinyonya ubaridi wake kama ndama.

Moto ulipokwisha kupita, waliinuka mmoja mmoja. Nyumba haikuwepo. Kihenge cha ulezi kilikuwa kinafuka. Modesti alikaa juu ya tuta, mikono ameinyoosha mbele, anaitazama kama si yake. Nailoni nyeusi ilikuwa imeganda kwenye viganja na katikati ya vidole.

Teodori alitaka kuivuta. Bertilla alimsukuma kando, akamwambia atavuta na nyama. Alitoa mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akapunguza vilivyoning'inia tu, akamwagia maji kidogokidogo, halafu akaifunga mikono kwa upande safi wa kitenge chake. Kwenye dumu palibaki vikombe vitatu. Kwenye ndoo ya Marsiana palikuwa na nusu, na chemchemi ilikuwa upande uliokuwa bado unawaka.

Teodori alianza kueleza. Alieleza habari za kundi, tiki mbili, Leonidas, jinsi wote walivyokaa na jinsi wao wawili walivyoona hapana, lazima twende tukawaangalie wenzetu. Marsiana alimsikiliza mpaka mwisho, akimnywesha mtoto kwa kiganja.

"Shemeji," alisema, "tulikuwa salama mpaka mlipokuja kutuangalia."

Maji ya siku mbili ya watu watatu yalikuwa sasa ya watu watano na mikono miwili iliyoungua. Ilibidi washuke Milepa kabla jua halijazama.

Bertilla alimfunga mtoto mgongoni. Marsiana alikwenda kwenye jivu la nyumba yake, akachokoa kwa kijiti, akatoa kitu kimoja: jembe. Mpini wake ulikuwa umeungua, limebaki chuma. Alilipoza kwa udongo, akalitia kwapani, akawafungua mbuzi.

Modesti aliongoza. Alikataa njia, akasema njia imejaa miti iliyoungua mizizi, itawaangukia. Wafuate mawe ya korongo. Waliteremka hivyo, jivu likiwafika vifundoni, moshi ukiwaficha bonde kabisa. Kila waliposimama Modesti alimwinamia Bertilla, naye akamnywesha funda moja la maji. Teodori aliburuta mguu nyuma ya mbuzi. Mara moja aliomba maji. Marsiana alimwonyesha mbuzi aliyekuwa anatembea bila kuomba.

Chini mlimani walimkuta Shigela, mzee wa Kisukuma anayefuga ng'ombe bondeni, na mkokoteni wake umepakiwa madumu. Tangu jana alikuwa akija mwisho wa njia na kusubiri kama kuna atakayetoka. Walimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza wako wangapi juu. Walipomwambia hakuna tena, alifungua dumu bila kuuliza jingine. Teodori akakishika kikombe, akakipeleka mdomoni kwa Modesti. Alikishika chini mno, maji yakamwagika kidevuni.

"Inua," Modesti alisema. "Unaninywesha mimi au unaniosha?"

Alicheka peke yake.

Zahanatini Milepa ilichukua mpaka jioni kuitoa nailoni. Mganga alisema ngozi itarudi, lakini vidole vinne vitakakamaa, havitafumba. Usiku walilala kwa Shigela, na asubuhi Teodori aliamka na maneno aliyoyapanga, marefu, mazuri, yenye Mungu ndani. Alimkuta Marsiana ameketi kwenye gogo nje ya zizi, jembe lisilo na mpini liko miguuni pake.

"Shemeji, naomba—"

"Ntumba hutawanywa mvua za kwanza, na mpya hufukiwa nyasi zikiwa mbichi," Marsiana alisema. "Ukichelewa, mwaka ule hamli. Mume wangu hawezi kushika mpini. Maneno yako sitayapanda popote."

Teodori akamwomba Shigela panga, akachechemea mpaka kwenye vichaka vya nyuma ya zizi, akakata mti. Alikaa kwenye vumbi akauchonga mpaka jua likawa kali, mpaka malengelenge mawili yakavimba na la tatu likapasuka. Alirudi akauweka mikononi mwa Marsiana.

Marsiana aliupima uzito. Akauinua jichoni, akautazama toka ncha hadi ncha, akaujaribu kwenye tundu la jembe. Ukacheza.

"Huu ni mpini wa mwiko," alisema, akautupa kwenye kuni.

Teodori akaliokota panga, akarudi vichakani.