Kiti cha Dereva wa Nyuma

Placide Mushagalusa alitoka kwenda kununua uzi, na aliporudi alikuta kile kiti kimegeuka. Alikuwa amekiacha sakafuni kikitazama mlango, ili aupime mgongo wake kwa mwanga wa barabarani. Sasa kilitazama ukuta. Alimuuliza mkewe, Marcelline, nani amekigusa. Marcelline, aliyekuwa akikata kitambaa cha makochi, alijibu bila kuinua macho kwamba yeye hana muda wa kucheza na viti. Placide akakigeuza, akakaa kwenye cherehani. Alipoinua kichwa kubadili sindano, kiti kilikuwa kikitazama ukuta tena.

Karakana yao ilikuwa Doornfontein, mtaa wa Johannesburg, chini ya fleti waliyoishi, kwenye barabara ambayo teksi za abiria huanza kupiga honi kabla jua halijatoka na haziachi mpaka watu wote wamefika walikokwenda. Kazi yao ilikuwa kuvisha viti upya: vya magari, vya mahoteli, vya makanisa. Kiti hiki kililetwa na Roy Gikonyo, Mkenya aliyeajiriwa na kampuni inayokodisha magari ya kijeshi kwa watengeneza filamu. Marcelline alikiita kiti cha kifaru, na Roy akamsahihisha. Kifaru kina minyororo, alisema. Hili ni gari la deraya la upelelezi, lina magurudumu manane na mzinga mdogo, na jina lake ni Luchs. Jeshi la Ujerumani lililitumia kwa miaka mingi kabla ya kuliacha, kisha likapita katika mikono ya wakusanyaji hadi likafika Johannesburg, mdomo wa mzinga umezibwa kwa chuma.

"Lux?" Placide aliuliza. "Kama sabuni?"

"Luchs, fundi. Ni mnyama wa kwao. Ndugu yake simbamangu."

"Bon. Sabuni yenye meno."

Roy alicheka, akaeleza zaidi. Gari hilo lilikuwa na madereva wawili. Wa kwanza alikaa mbele kama dereva yeyote. Wa pili alikaa nyuma, akitazama kule gari linakotoka, mbele yake usukani wake mwenyewe, ili wakikutana na adui waondoke kinyumenyume kwa mwendo uleule bila kugeuza. Tena lilikuwa gari la kimya. Linaweza kukufikia mgongoni, Roy alisema, nawe ungali unasikiliza redio yako. Kiti alichokileta kilikuwa cha dereva wa nyuma. Mwongozaji wa filamu alitaka kionekane kipya.

Murielle, binti yao wa pekee, alikuwepo siku hiyo. Alisoma katika chuo kilicho hapo karibu, na baada ya masomo alipita karakanani kabla ya kupanda fletini. Alizaliwa Johannesburg, wazazi wake wakiwa wahamiaji waliokuja na Kiswahili cha kwao. Kiswahili alikielewa chote, lakini hakukisema. Baba yake akimsemesha, alijibu kwa Kiingereza. Akimkaripia, alijibu kwa Kizulu. Placide alikuwa amejaribu upole, hasira na zawadi, na vyote vimeshindwa, na jambo hilo lilimkera kuliko mteja yeyote.

"Siku moja nitakufa," alimwambia, "na sijasikia mtoto wangu ananisemesha kwa luga yangu hata kidogo."

"Eish, Papa," Murielle alisema, kwa ule mguno wa kuchoshwa wa vijana wa Johannesburg, akapanda ngazi.

Tangu siku hiyo kazi ikakataa. Placide aliushona mgongo wa kiti asubuhi, na mchana uzi wote ulikuwa umefumuka, umelala sakafuni mzima bila kukatika, kana kwamba mtu ameurudisha tundu kwa tundu. Alibadili sindano. Alibadili uzi. Alikwenda kugombana na muuza uzi, akarudi na uzi mwingine na aibu. Aliposhona tena, cherehani lilianza kwenda kinyumenyume, ingawa mkono wake haukugusa kijiti cha kurudishia mshono, na alipoondoa mguu kwenye pedali liliendelea kidogo, taratibu, kama mtu anayemalizia sentensi yake. Alimpigia Roy simu aje akichukue. Roy alisema hawezi kupokea kiti kilichovuliwa nguo, filamu ina ratiba yake, na kwamba hicho ni kiti tu. Placide alikata simu, akakipiga kiti teke, akaumia kidole.

Marcelline alimwita mchungaji wao. Mchungaji alikemea pepo la kifaru kwa sauti kubwa hata majirani wakaja kuchungulia mlangoni. Placide alitaka kumwambia kwamba si kifaru, akaona aibu kumkatiza mtumishi wa Mungu kwa sababu ya jina la gari. Kiti kilimsubiri mchungaji mpaka akasema amina, kisha kikageuka mbele ya macho yao wote, polepole, bila mlio.

Ndipo alasiri moja mvua ya mawe ilipoanguka. Placide aliyaona mawe yakirukaruka barabarani, akaziona teksi zimejikusanya kwenye roboti, taa za kuongozea magari, madereva wameegemeza viganja juu ya honi, lakini humo ndani hakukusikika honi wala jiwe, wala mkasi wa Marcelline uliokuwa ukifunguka na kujifunga katika kitambaa, na katika ukimya ule ilikuja harufu ya dizeli na ya mnyama aliyelowa, ikakaa puani kama kitu cha kulambwa, na Marcelline akahisi mgongoni mwake mgongo mwingine, mpana, wenye joto, ulioegemea wake kama waegemeavyo watu wawili wanaolinda pande mbili za njia, na alipotaka kumwita mumewe kinywa kilifunguka na sauti haikutoka, na wote wawili wakakitazama kiti, ambacho sponji lake lilikuwa likididimia taratibu, katikati kwanza, kisha kwenye kingo, likimpokea mtu mzito ambaye hakuwepo. Murielle aliingia mbio kutoka kwenye mvua, midomo inacheza. Aliwauliza kitu. Walimwona akiuliza mara ya pili, na kiti, kwa mara ya kwanza, kikageuka kutoka ukutani na kumtazama.

Kesho yake Marcelline mwenyewe, ambaye hakuwahi kukubali mambo hayo, alikwenda Hillbrow kumtafuta Abdulrahman, mzee wa Kitanga anayeuza manukato na udi. Watu walisema anajua kuzungumza na wasioonekana. Abdulrahman alikuja na chetezo. Alifukiza ubani, akaketi sakafuni akakipa kiti mgongo, akauliza kwa sauti ya chini: wewe ni nani, umetoka wapi, unataka nini. Kisha nyuma yake ilisikika sauti ikinong'ona, na ilikuwa sauti yake yeye Abdulrahman, na lafudhi yake ileile ya Tanga, kana kwamba yule kiumbe hakuwa na ulimi mpaka alipoazima wake.

Mzee aliinuka, akakichukua chetezo chake. Alisema vitu alivyokuja navyo havitoshi, na atarudi Ijumaa.

"Sikiliza, bwana Placide. Huyu anatafuta kiti. Asipopata kiti hana nguvu. Mchunge asipate kiti mpaka nirudi. Na binti asishuke huku."

"Hatapata," Placide alisema. "Hilo niachie mimi."

Mzee alimshukuru, akaenda zake. Placide alibaki akimtazama adui yake. Kwa siku nyingi alikuwa amehangaika na kitu kisichosikia sindano, sala wala matusi, na sasa, kwa mara ya kwanza, alikuwa ameambiwa jambo ambalo mikono yake ililiweza. Asipate kiti. Alivaa miwani ya kukatia chuma, akawasha msumeno wa umeme, akakikatakata. Sponji alilipasua kwa kisu na kulitia kwenye mifuko ya taka. Chuma alimpa mmoja wa wale wanaovuta mikokoteni ya vyuma chakavu kuelekea mjini, akasimama mlangoni mpaka mkokoteni ulipopinda kona.

Sauti zilirudi. Honi zote za Doornfontein zilirudi kwa pamoja, na Placide, ambaye alikuwa amezilaani miaka yote, alikaribia kulia kwa furaha. Alimwita Murielle. Alimwambia ashuke, mambo yamekwisha, karakana ni yao tena.

Murielle alishuka, akakaa kwenye kigoda.

"Umehangaika mno, baba," alisema kwa Kiswahili. "Hebu pumzika."

Placide aliacha ufagio ukaanguka. Alimwita Marcelline, akamwomba binti aseme tena, naye akasema tena, na zaidi, Kiswahili safi kilichonyooka, bila kutafuta neno. Baba alicheka mpaka akapangusa macho. Alisema bila shaka kuna kijana wa Kitanzania pale chuoni, na kwamba yeye hana neno na kijana huyo, amlete tu ale ugali. Marcelline hakucheka.

"Tangu lini anakuita baba?" alimuuliza mumewe pembeni. "Huyu amekuita Papa tangu aote meno."

Placide alimwambia asimharibie furaha yake. Lakini jioni hiyo, mwanga ukiwa bado upo, alimwona Murielle akipanda ngazi za fletini kinyumenyume, hashiki ukuta, hakosei kipandio, macho yametulia kwenye mlango wa barabarani, na viatu vyake havitoi mlio wowote.

Ijumaa Abdulrahman alifika na mfuko wake. Aliyemfungulia alikuwa Murielle.

"Karibu, Abdulrahman," alisema. Hakumwita mzee, hakumwamkia, na lafudhi ilikuwa ya Tanga.

Abdulrahman hakuvuka kizingiti. Placide alimfuata nje.

"Nilikwambia asipate kiti," mzee alinong'ona.

"Hakupata. Nilikikata chote. Hata msumari haukubaki."

"Kile? Kile kilikuwa nyumba yake, bwana Placide. Umembomolea nyumba." Aliufunika uso kwa kiganja. "Kiti ni mtu. Mtu akipandwa na jini, yeye ndiye kiti chake. Ndivyo tunavyomwita."

"Sasa juu ya nini haukusema mtu?"

"Nilisema kiti," mzee alijibu, kama aliyeulizwa kwa nini maji yanaitwa maji.

Alijaribu. Alifukiza mpaka chumba kikawa cheupe, akasoma mpaka sauti ikakauka, na kila alipouliza swali alijibiwa kwa sauti yake mwenyewe, kwa adabu, kama mwenyeji anayemjibu mgeni aliyekaa kupita kiasi. Mwishowe alisema lipo tumaini moja tu: huenda jini akahamia nyumba yake ya zamani ikijengwa upya ilivyokuwa. Roy alitafuta kila alikojua. Kiti kingine cha dereva wa nyuma hakikupatikana.

Basi Placide anakijenga. Chuma ameunganisha mwenyewe, sponji amelichonga, mgongo anaushona kwa kumbukumbu. Alasiri, teksi zimejipanga barabarani na madereva wameegemea honi, na humo ndani hakusikiki kitu ila cherehani linalorudi kinyumenyume likila mshono alioumaliza asubuhi. Nyuma yake Murielle amekaa, amempa mgongo, anatazama ukuta. Placide humsemesha kwa Kiingereza, kile kibovu alichokuwa akikionea haya. Humsemesha kwa Kizulu cha sokoni, neno moja moja, akimsihi amjibu, amjibu vibaya, amcheke, amwambie eish.

"Usijisumbue, baba," sauti humjibu kwa Kiswahili safi. "Kiti ninacho."