Kichwa Hiki Kina Mwenyewe

Haya hayakunipata mimi, yalimpata mdogo wangu, mtoto wa mama yangu. Ila mengi niliyaona kwa macho yangu.

Mdogo wangu ni dobi. Anafanyia kazi nyumbani, na chumba chake cha mbele kimegeuka karakana: meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi ya mkaa, kopo lililotobolewa kifuniko la kunyunyizia maji, na mashuka ya watu yamepangwa hadi dirishani. Watoto wake wawili wanakulia humo humo kwenye mashuka. Mkubwa ni wa kiume, tunamwita Mzee, maana amerithi jina la babu yetu na anapenda kufunga mikono nyuma akikagua kazi ya mama yake. Wa pili ni Kidoti, msichana wa miaka minne. Kwa maswali, huyo angemkimbiza hata askari getini.

Siku hiyo ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Jua kali, mtaa umetulia. Nilikuwa natoka darasani. Nasoma na watu wazima wenzangu, nimeanza nikiwa na mvi, na tangu herufi zilipokubali kukaa kichwani siachi karatasi. Pakiti ya chumvi naisoma. Gazeti lililofungiwa misumari nalikunjua nalisoma mpaka chini. Basi nilipofika mlangoni nikamsikia mdogo wangu akiwasimulia watoto habari ya Bibi Msusi.

Bibi Msusi alikuwa dada wa bibi yetu mzaa mama. Kazi yake ilikuwa kusuka nywele, na alikuwa na mkono wake. Wengine huanzia kwenye paji la uso kwenda nyuma. Yeye alianzia kisogoni akipandisha kuja mbele. Alikuwa na binti mmoja tu. Siku moja anamsuka, amemaliza upande wa kushoto, mtoto akasema amechoka, akalala mapajani mwa mama yake. Hakuamka. Akazikwa vivyo hivyo, upande umesukwa, upande timtim. Tangu hapo Bibi Msusi akawa anaingia kwenye nyumba za watu mchana, anakaa nyuma ya mtoto aliyelala, anatoa kichana. Na hata alipokufa, wakubwa walisema, kazi hakuiacha.

Mama alitusimulia hayo tukiwa wadogo, lakini kwa utaratibu wake. Hadithi ikifika pale Bibi Msusi anapoingia ndani, mama alishusha sauti akauliza, "Kichwa hiki cha nani?" Kila mtoto aliyemo chumbani alishika kichwa chake kwa mikono miwili akajibu, "Kina mwenyewe." Mmoja baada ya mwingine. Mtoto akisinzia, mama alinyamaza, akamwamsha, akarudi mwanzo kabisa. Hakuwahi kuimaliza mbele ya mtoto aliyelala. Sisi tulidhani ni ujanja wake wa kutufanya tusikilize.

Nilipoingia, hadithi ilikuwa imekwisha. Mzee bado ameshika kichwa, anacheka. Kidoti amelala fofofo juu ya mashuka, nywele wazi, kwa sababu mama yake alikuwa amezifumua asubuhi ili azioshe.

Nikauliza polepole, "Huyu amejibu?"

Mdogo wangu aliendelea kusukuma pasi. "Dada, na wewe. Huyu alilala mapema. Nirudi mwanzo, haya mashuka atayapiga pasi nani?"

"Na umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akanitania kwamba wenzangu wakisoma wanaacha uoga, mimi ndio kwanza naanza. Nikacheka naye. Tukatoka uani kuanua nguo, Mzee nyuma yetu na kikapu cha vibanio. Kidoti tukamwacha amelala.

Tuliporudi alikuwa amekaa. Amekaa wima, ametulia, shingo ameinamisha kidogo, kama mtoto anayesukwa. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na misuko. Midogo, imekazwa, ngozi inang'aa mafuta. Mdogo wangu akaifuata kwa kidole.

Ilianzia kisogoni.

Akamuuliza nani amemsuka. Kidoti akasema bibi. Bibi gani? Yule wa kwenye hadithi. Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo la kawaida tu, kwamba bibi ana mapaja ya baridi.

Mdogo wangu aliifumua pale pale. Kesho yake hakutaka mtoto amtoke machoni. Akamfunga mgongoni kwa shuka, mtoto mkubwa vile, akapiga naye pasi. Mchana Kidoti akasinzia mgongoni. Mdogo wangu aliniambia alisikia mzigo umeongezeka ghafla, kama amebeba wawili. Aligeuka. Hakuna mtu. Akageuka tena. Lakini nyuma ya shingo yake alisikia kichana kikipita kwenye nywele. Taratibu. Hakikukwama hata mara moja.

Alipomshusha, upande wote wa kushoto ulikuwa umekwisha.

Akaniita. Alijaribu kuifumua, safari hii haikufumuka. Wote wawili tulijua: umebaki upande wa kulia, na kichwa kikiisha, mtoto si wetu tena.

Nikamwambia turudie hadithi toka mwanzo, Kidoti akiwa macho, ajibu. Hatukuwa na kingine. Tukafungua mlango na dirisha, mwanga ukaingia wote. Watoto tukawakalisha mkekani. Mdogo wangu akaanza. Akafika pale Bibi Msusi anapoingia ndani.

"Kichwa hiki cha nani?"

Mzee akashika kichwa chake. "Kina mwenyewe." Safari hii hakucheka.

Kidoti kimya.

Mama yake akauliza tena. Kidoti akatazama juu ya bega lake mwenyewe, kisha akatunong'oneza. "Amesema nisijibu. Amesema amebakiza kidogo."

Macho yakaanza kufumba. Nikamtikisa. Kichwa kikalegea, kikalala upande, hakikuanguka. Kilisimama pale hewani, kama kimeshikwa. Nywele za kulia, chini kabisa kisogoni, zikanyanyuka. Zenyewe. Zikagawanyika mafungu matatu.

Mzee akajikojolea. Wala hakulia.

Mkasi wa kukatia nyuzi ulikuwa mezani. Mdogo wangu aliuchukua akakata. Alikata zilizosukwa na zisizosukwa, ovyo ovyo, mkono mmoja umekumbatia shingo ya mwanawe. Kuna kitu kilikuwa kinavuta upande wa pili. Niliona nywele zinakazika kabla ya kukatika. Alipomaliza na mkasi akachukua wembe, akanyoa mpaka kichwa kikabaki cheupe, na damu hapa na pale. Kidoti akaamka analia.

"Kichwa hiki cha nani?" mama yake akamuuliza. Alikuwa ananong'ona. "Mwanangu, kichwa hiki cha nani?"

Kidoti akakishika kwa mikono miwili. "Kina mwenyewe," akasema, na kamasi zinamtoka.

Pasi ilikuwa imepoa yote, ingawa mkaa ndani ulikuwa bado mwekundu. Mdogo wangu akaimaliza hadithi mpaka neno la mwisho, Kidoti amekodoa macho. Ndipo tukapumua.

Zile nywele tulizizoa zote, misuko na zilizokuwa timtim, tukazifunga kwenye gazeti. Mdogo wangu akalikaza kwa uzi, lile fundo lake la kidobi analofungia nguo za wateja, ambalo mimi mpaka leo sijaliweza. Kuzitupa aliogopa. Kuzichoma aliogopa zaidi. Akaziweka juu ya kabati.

Kidoti akarudia hali yake. Maswali, kelele, kulala mchana bila shida. Mzee akamtania kwa kile kipara mpaka wakapigana. Tukaanza kusema labda yamekwisha.

Juzi nilikwenda kwao, nikakaa kumsubiri mdogo wangu aliyekuwa amepeleka nguo za mteja. Nikaliona lile gazeti juu ya kabati. Nikalishusha nisome tu upande wa nje. Palikuwa na habari ya mtu aliyepotea miaka mingi akarudi kwake, akamkuta mkewe mlangoni. Niliisoma yote bila kukwama, nikafurahi. Lakini mwisho wake ulikuwa umekunjiwa ndani. Nikasema nifungue kidogo tu, nijue mke alimjibu nini.

Fundo lilikuwa lile lile. Nilihangaika nalo kwa meno.

Mwisho wa habari sikuupata. Mafuta yalikuwa yameloanisha karatasi, herufi zimefutika. Mafuta mapya. Nywele zote zilikuwa zimesukwa. Zote, hata zile za upande wa kulia tulizozikata zikiwa wazi, zimepangwa safu safu kama ziko kichwani.

Msuko mmoja tu ulikuwa haujaisha. Ncha yake ilikuwa wazi, kama mtu ameitwa mlangoni, akaweka kichana chini kwanza.

Uani nilimsikia Kidoti anaimba. Nikamwita, akaja mbio, akaniinamishia kichwa nikipapase.

Nywele zimeanza kuota. Upande wa kulia tu, ule aliokuwa hajaumaliza.