Mshono Kwenye Chuma

Kila siku nikitoka shule, kazi yangu ilikuwa kufumua. Mama ni fundi cherehani, na nguo nyingi anazoletewa ni za kurekebisha: suruali imebana, gauni limekuwa refu. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu naye nikikata nyuzi za zamani kwa wembe. Tukimaliza, alinipa jaribio. Nilifumba macho, nikapitisha vidole kwenye nguo, nikamwonyesha ilikowahi kufumuliwa na kushonwa upya. Mwanzoni nilibahatisha tu. Nilipofika darasa la sita nilikuwa sikosei, na mama akanipachika jina la Vidole.

Mwaka huo mgongo wa mama ulianza kumsumbua. Alishona sare za shule tatu na kuzipeleka mwenyewe, marobota mazito. Daktari alimkataza kabisa kubeba mizigo.

"Nisipobeba, tutakula nini?" mama aliuliza. Basi mama akaamua kununua gari dogo kwa akiba yake yote ya miaka sita.

Muuzaji alipatikana upesi. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mpole, tuliyemwita Bwana Tai kwa sababu hata sokoni alikwenda na tai shingoni.

"Mama, mwalimu alisema ukinunua gari la mtu, uende kwanza ofisi ya usajili kuhakikisha ni lake kweli," nilimwambia.

Mama alicheka hadi sindano ikamponyoka. "Nikamchunguze Bwana Tai? Huyo nimempima mabega hadi visigino kwa miaka tisa! Usinitie aibu, mtoto wewe."

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwake. Gari la bluu liling'aa kama sahani mpya. Bwana Tai alifungua boneti, akanipa kadi ya gari, yaani hati inayomtaja mwenye gari.

"Soma mwenyewe, mwanangu. Namba ya kwenye kadi na hii iliyogongwa kwenye chuma ni moja."

Nilisoma tarakimu moja moja. Zote zililingana. Mama alikuwa ameshafungua mkoba. Mimi, kwa mazoea tu, nilifumba macho na kupitisha vidole kuzunguka namba ile.

Chini ya rangi kulikuwa na mshono.

Nilirudia tena. Kijimstari chembamba kilipanda, kikakata kona na kurudi kilikoanzia, kama kiraka kwenye goti la suruali.

"Mama, hapa pamefumuliwa."

Mama alinikodolea macho kunionya. Hata hivyo alinyoosha mkono, akafumba macho yake naye. Alikifuata kijimstari kile kwa kidole hadi kilikoanzia, kisha akafunga mkoba.

"Kaka," alisema kwa upole, "kabla sijakulipa, tupitie ofisi ya usajili. Pamoja."

Bwana Tai alikunja uso kidogo. "Dada, hata wewe huniamini? Haya, twende. Mimi sina la kuficha."

Sikuwahi kuwaza kwamba kuna chumba kinachoyajua magari yote. Karani, mama mmoja mwenye miwani, aliandika namba yetu kwenye kompyuta, na papo hapo maisha ya gari yakajitokeza: lilisajiliwa lini, rangi gani, wamiliki wake wote mmoja baada ya mwingine. Chombo kisichosema kilikuwa na historia ndefu kuliko yangu.

Karani alivua miwani. "Gari lenye namba hii ni jekundu. Lilipondeka kwenye ajali miaka minne iliyopita na kufutwa kabisa. Na jina lako, bwana, halimo."

Mkaguzi wa magari wa pale ofisini alitoka nje, akainua zulia chini ya kiti cha dereva. Kumbe wezi walikata kipande cha chuma chenye namba ya gari jekundu na kukichomelea kwenye hili la bluu; lakini pale chini palikuwa na namba yake halisi, ndogo, ambayo waliisahau. Karani aliitafuta. Gari liliibwa kutoka kwa muuguzi mmoja, na kwa miaka mitatu alikuwa bado analitafuta.

Bwana Tai aliketi kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akivua tai.

"Nililinunua kwa mtu aliyekuja getini kwangu," alisema. "Alikuwa mcheshi. Alinipa kadi yenye jina langu na mhuri. Sikuja hapa hata siku moja."

Nilimwonea huruma sana. Polisi walipoitwa aliwaeleza yote, na gari likarudi kwa muuguzi. Hela zake hazikurudi. Za mama zilikuwa bado mkobani, zote.

Miezi miwili baadaye tulipata gari jingine, kuukuu, la rangi ya kijivu, mlango mmoja unafungwa kwa kusukumwa na nyonga. Safari hii tulianzia ofisini. Karani alihakikisha muuzaji ndiye mwenye gari na kwamba halidaiwi, mkaguzi akalitazama, na mama akalipa siku ileile umiliki ulipohamishiwa kwake. Alipokabidhiwa kadi mpya, alipitisha kidole juu ya jina lake, taratibu.

"Vidole," aliniambia tukielekea garini, "Bwana Tai ni mtu mwema, na bado alikuwa ananiuzia gari la wizi bila kujua. Kuhakikisha si kumtukana mtu. Kungemwokoa hata yeye."

Akawasha gari, likakohoa, likakubali.

"Nilimpima yeye miaka tisa," alisema, "nikadhani nimelipima na gari lake."