Kilo Zilizopungua

Katika msukosuko wa soko la Owino, dumu la mafuta lilimgonga Julienne gotini na kummwagikia kwenye kitenge chake cha njano, kipya kutoka kwa fundi.

"Samahani, nyabo!" Mwenye dumu alikuwa kijana mrefu, shati lake limenyooka kwa pasi. "Ni mafuta ya shea. Mama kanitumia kutoka Lira."

Julienne alinusa kidole. Yeye, Mkongo wa Bukavu, alitengeneza mafuta ya ngozi chumbani kwake Mengo, na mafuta mazuri aliyajua.

"Umeniharibia nguo. Utaniletea mafuta mengine."

"Ya kupaka?"

"Ya kunifanya nikusamehe."

Ndivyo Okwir, mwanajeshi wa kambi ya Mbuya, alivyoingia maishani mwake. Kila jioni simu ililia.

"Umekula, malaika?"

"Nitakulaje na wewe hujaja?"

Akaahidi kumpeleka Lira akaonane na mama.

Kisha Ruqaiya, mfanyabiashara wa Nairobi, akaagiza kilo mia moja za mafuta ya shea. Okwir aliomba ruhusa kazini, akayafuata Lira, akarudi na madumu matano ya lita ishirini. Julienne, aliyezoea kuuza kwa chupa, alidhani lita ni sawa na kilo. Kwenye mizani ya Ruqaiya, kila dumu lilipungua karibu kilo mbili.

"Dada, mzigo umepunguzwa njiani," Ruqaiya alisema, akaondoka bila kuuchukua.

Okwir alipofika, Julienne alikuwa akimngoja uani, macho yamemwiva.

"Mafuta mengine umempelekea nani?"

"Nani tena, mpenzi? Yalijazwa mbele yangu, hadi shingoni."

"Mizani imesema!"

"Na ninayosema mimi?"

Mbele ya majirani, Julienne aliunyakua mkoba wa Okwir, akaupekua, akamwaga kila kitu chini. Sare ikaangukia tope. Okwir aliokota nguo zake moja moja, akaondoka. Tangu siku hiyo simu ya jioni haikulia tena.

Wiki kadhaa zikapita. Julienne akanunua mizani ndogo ya kupimia mchanganyiko wake. Ili kuijaribu, alijaza maji chupa ya lita moja, akatoa uzito wa chupa: kilo moja kamili. Akayamwaga, akaikausha chupa, akajaza mafuta hadi alama ile ile. Gramu mia tisa na kumi. Akadhani amekosea. Akajaza tena, vile vile. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Hakuna dumu la lita ishirini ambalo lingefika kilo ishirini, hata lingeletwa na malaika.

Alijishika kichwa, akalia kama aliyefiwa.

Namba ya Okwir haikupatikana. Akapanda boda mpaka lango la Mbuya, akaomba aitwe.

"Nimepima, Okwir. Lita si kilo. Hukuiba kitu."

"Mimi nilijua sikuiba."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nilikusamehe zamani." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ila kila nikifumba macho nakuona umeinama, unapekua. Nimeomba kuhamishiwa Karamoja. Naondoka kesho."

"Nitakungoja."

"Usiningoje, Julienne."

Alinyoosha mkono amshike, lakini Okwir alikuwa ameshaifumbata mikono yake mgongoni, kama askari mbele ya mgeni. Akageuka. Lango likafungwa.

"Twende wapi sasa, nyabo?" mwenye boda aliuliza.

Julienne alilitazama tena lango lililofungwa, kisha akapanda. "Mengo."